Sare ya Dallas Cowboys Cheerleaders

Sare ya Dallas Cowboys Cheerleaders ni vazi la wanawake wanaoshangilia na kucheza dansi katika mechi za Dallas Cowboys, timu ya kulipwa ya futiboli ya Marekani kutoka jimbo la Texas.

Katika miaka ya 1960 washangiliaji hao walikuwa wanafunzi wa sekondari, wavulana na wasichana. Mwaka 1972 nafasi yao ilichukuliwa na wanawake wacheza dansi. Sare yao mpya ilibuniwa na Paula Van Wagoner: blauzi ya buluu iliyofungwa fundo mbele, kizibao cheupe chenye nyota na matamvua, kaptula fupi nyeupe na buti nyeupe.

Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ilithibitisha zuio dhidi ya filamu iliyotumia sare kama hiyo bila ruhusa, ikisema vazi hilo ni alama ya biashara inayolindwa na sheria.