Mayahudi Wanamuamini Mungu Gani? Jibu kwa Mzazi Mwenye Mtoto Chimwaga

SUALI:

Mwanangu wa kike anasoma chuo kikuu Dodoma, kule Chimwaga. Juzi usiku alinipigia simu analia. Walikuwa kwenye mjadala wa somo la falsafa ya dini, akasema Mayahudi wanaamini kuwa Uzayr ni mwana wa Mungu, kwa sababu ndivyo ilivyo katika Qur'an. Kijana mwenziwe akamwambia alete kitabu kimoja tu cha Mayahudi kinachosema hivyo. Hakuwa nacho, na wenziwe wakacheka. Sasa ananiuliza mimi, na mimi elimu hiyo sina. Mayahudi wanaamini nini khasa? Mungu wao ni huyu huyu wetu? Baba yake anasema aliache somo hilo, na ikiwa haiwezekani basi arudi Pemba. Naomba mnijibu upesi.

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kwanza tukutulize, mama yetu. Binti yako hakukosea kuisoma aya. Alichokosea ni kuibebesha kisichokuwemo, na kosa hilo wanalifanya hata watu wazima kwenye barza zetu. Aya ni ya 30 katika Suratut-Tawba, na ni kweli inataja kauli hiyo ya Mayahudi kuhusu Uzayr. Lakini ni Mayahudi gani? Wanavyuoni walijiuliza suali hili karne nyingi kabla ya huyo kijana wa Dodoma kuzaliwa.

Imam at-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, amekusanya riwaya kadhaa katika tafsiri yake. Ipo inayosema aliyetamka maneno hayo ni mtu mmoja aitwaye Finhas, na ipo inayotaja watu wachache kwa majina waliomwendea Mtume (s.a.w.). Imam al-Qurtubi ameeleza wazi kuwa tamko la aya limekuja kwa ujumla lakini makusudio yake ni mahsusi, kwa sababu si Mayahudi wote waliosema hivyo. Na Ibn Hazm wa Andalus, ambaye alijadiliana na Mayahudi uso kwa uso na hakuwa mtu wa kuwabembeleza, ameandika kuwa kauli hiyo ilikuwa ya kundi moja miongoni mwao, upande wa Yemen. Lugha ya watu ndivyo ilivyo. Tukisema leo "Wapemba wamejaa botini", hakuna anayefahamu kuwa Pemba imebaki tupu.

Kwa hivyo kijana aliposema haoni kauli hiyo katika vitabu vya Mayahudi, hakuivunja Qur'an. Amesema jambo ambalo mufasirina wetu walikwishalijua. Lililomtoa machozi binti ni kukosa tafsiri, na tafsiri ipo.

Tuje kwenye suali lenyewe. Mayahudi wanamuamini Mungu Mmoja. Hawana utatu, hawana mwana wa Mungu, na hekaluni mwao hamna sanamu wala picha ya kuabudiwa. Tamko lao kubwa limo katika Taurati waliyonayo, Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 aya ya 4, na linasema kuwa Mungu wao ni Mmoja. Myahudi mshika dini analisoma asubuhi na jioni, mtoto anafundishwa angali mdogo, na mtu akiwa katika kukata roho hujitahidi liwe neno lake la mwisho. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa jambo hilo linafanana na nini. Jina la Mungu lililomo katika Taurati hawalitamki kabisa kwa kulitukuza. Wakilifikia katika kusoma husema neno jingine lenye maana ya Bwana.

Wakishakubaliana kuwa Mungu ni Mmoja, linabaki suali la pili lililowasumbua sana: yukoje? Taurati inataja mkono wa Mungu, uso wake, kushuka kwake mlimani, na kupumzika kwake siku ya saba. Je, Mungu ana mwili? Aliyesoma aqida kidogo ataona hapa mjadala anaoujua, maana na sisi wanavyuoni wetu wamejadiliana juu ya aya na hadithi zinazotaja mkono na istiwaa, baina ya wenye kuthibitisha bila ya kufananisha na wenye kuleta taawili.

Huku kufanana si sadfa. Vitabu vikubwa vya kwanza vya Mayahudi kuhusu sifa za Mungu viliandikwa kwa Kiarabu, ndani ya miji ya Waislamu, na watu waliosikia mijadala ya Mu'tazila na waliowafuatia. Saadia, ambaye kwa Kiarabu anaitwa Said bin Yusuf al-Fayyumi, alizaliwa Misri akafariki mwaka 942. Mwaka 933, akiwa Baghdad, aliandika kitabu cha itikadi kinachoanza kwa kuthibitisha kuwa ulimwengu umeumbwa, kisha kuwa Muumba ni Mmoja, njia ile ile ya wanavyuoni wa ilmul-kalam. Maneno ya mkono na uso aliyachukua kuwa ni majazi.

Baada yake akaja mkubwa wao zaidi, Musa bin Maymun. Alizaliwa Qurtuba katika karne ya 12. Ukoo wake ulihama pale utawala wa Muwahhidun ulipowabana wasiokuwa Waislamu, na hilo limo katika tarehe yetu, hatuna sababu ya kulificha. Hatimaye alipata makaazi Misri, akawa tabibu katika nyumba za wakubwa wa dola ya Salahuddin, akafariki Fustat mwaka 1204. Kitabu chake maarufu, Dalalatul-Hairin, aliwaandikia watu wa hali ya binti yako: msomi anayeipenda dini yake, amesoma falsafa, na sasa haelewi ashike lipi. Jibu lake ni kali. Anasema Mungu si mwili wala hana chochote cha mwili, na kwamba tunachoweza kukisema kwa usalama juu yake ni kukanusha: si dhaifu, si jahili, si wawili. Kila unachokithibitisha kwa maneno ya kibinadamu unakaribia kumfananisha na viumbe. Katika misingi 13 ya imani aliyowapangia Mayahudi, wa tatu ni huo wa kuwa Mungu hana mwili, na anayeupinga alimhesabu kuwa ametoka katika dini.

Si wote waliomfuata. Mwanachuoni mmoja wa Ufaransa wa zama zake, Abraham ben David, alimjibu kuwa walikuwepo watu wakubwa na bora kuliko yeye waliomuamini Mungu mwenye sura, kwa kuchukua dhahiri ya maandiko. Yeye mwenyewe hakusema Mungu ana mwili, ila aliona si haki kuwatoa watu hao katika dini. Tumelitaja hili kwa sababu mtu akisema "Mayahudi wanaamini hivi" ni lazima aulizwe: wa zama gani, na wa mwalimu gani? Qur'an yenyewe, katika Aali Imran aya ya 113, inasema kuwa Ahlul-Kitab hawako sawa wote.

Na jambo hili wengi hawalijui. Mtu mmoja aliyesilimu katika dini ya Kiyahudi alimwandikia Musa bin Maymun kumuuliza kama Waislamu ni waabudu masanamu, maana mwalimu wake alimwambia hivyo. Akajibu kuwa sivyo. Waislamu wanampwekesha Mungu upwekeshaji usio na kasoro, na akamlaumu yule mwalimu kwa kumkemea muulizaji. Mpinzani wa dini yetu, naye amekanusha uongo uliosemwa juu yetu. Uadilifu huo na sisi tumeamrishwa.

Baadaye mambo yalipanuka zaidi. Mwishoni mwa karne ya 13 huko Hispania ilienea elimu yao ya batini, Kabbala, inayozungumzia madhihirisho kumi ya Mungu. Wakatokea Mayahudi wenyewe waliolalamika kuwa Wakristo wameishia tatu na hawa wamefika kumi. Mwaka 1656 Mayahudi wa Amsterdam walimtenga kijana wao Spinoza, ambaye baadaye aliandika kuwa Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Na baada ya mauaji ya Mayahudi huko Ulaya katika vita vya pili vya dunia, baadhi ya waandishi wao walifika hadi kusema Mungu hana uwezo wa kuzuia shari, au wakaacha kabisa kumuamini yule Mungu wa baba zao. Binti atakutana na majina haya darasani. Ayasome akijua kuwa mengi katika hayo, Mayahudi washika dini wanayakataa kama tunavyoyakataa sisi.

Mtu anaweza kudhani haya yote ni mambo ya mbali, ya Qurtuba na Amsterdam. Hapa hapa Afrika Mashariki wapo Mayahudi Waafrika, katika vilima vya Mbale, mashariki ya Uganda. Wanajiita Abayudaya. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, amiri wa vita aliyewasaidia Waingereza kuiteka sehemu hiyo kisha akavunjika moyo nao. Alikuwa Mprotestanti, akaingia katika kundi la Bamalaki, ambalo jina lake kwa Kiganda lilikuwa na maana ya Mungu Mmoja Muweza wa Yote. Kila akisoma Biblia ya Kiganda aliona sheria za Taurati hazikufutwa. Inasimuliwa kuwa alipotaka kutahiri aliambiwa hayo ni mambo ya Mayahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki 1928, na wafuasi wake wakaendelea. Idi Amin aliipiga marufuku ibada yao na wakapungua sana, lakini hawakwisha. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi Marekani mwaka 2008.

Tunawataja kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza, hawakurithi ukoo wala hawakuhubiriwa na mmishenari. Kilichowavuta ni suali hili hili la Mungu Mmoja na sheria yake. La pili, mji huo huo wa Mbale ndio wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa 1988, na tangu 2004 wakulima wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo wa huko wameuza kahawa yao pamoja katika ushirika mmoja. Waislamu wa Mbale hawawajui Mayahudi kwa habari za televisheni tu. Kwetu visiwani neno Yahudi likitajwa akili inakwenda Ghaza moja kwa moja, na maumivu hayo ni ya haki. Lakini dhulma ya dola ni mlango mmoja na itikadi ya dini ni mlango mwengine, na aliyeulizwa habari za itikadi asijibu kwa hasira za siasa.

Sasa, Mungu wao ni huyu wetu? Suratul-Ankabut aya ya 46 imetufundisha la kuwaambia Ahlul-Kitab: kwamba Mungu wetu na wao ni Mmoja. Muumba wa Ibrahim na Musa (alayhimas-salaam) ndiye Muumba wetu, hakuna mwengine. Kuafikiana juu ya nani anayeabudiwa, hata hivyo, si kuafikiana juu ya kila kinachosemwa kumhusu, wala juu ya njia ya kumuabudu.

Tofauti zipo na ni kubwa. Kuhusu kupumzika siku ya saba, Suratu Qaf aya ya 38 inasema kuwa Allah aliumba mbingu na ardhi kwa siku sita na hakuguswa na uchovu. Wapo wanavyuoni wao wanaosema kupumzika kule maana yake ni kukoma kuumba, na tofauti hapo hupungua, lakini tamko limebaki katika kitabu chao na kwetu halikubaliki. Wao wanaona agano la Mungu limefungwa na wana wa Israil, sisi tunasema ujumbe wa mwisho ni wa walimwengu wote. Na kubwa kuliko yote, wanamkataa Isa na Muhammad, rehma na amani ziwashukie. Mwenye kumkataa Mtume aliyetumwa na Mungu hakukamilisha kumuamini Mungu aliyemtuma. Hilo binti alishike wala asiliregeze kwa kuona haya mbele ya wenziwe.

Kuhusu rai ya mzee wake, tunamheshimu na tunaifahamu khofu yake. Mtoto ametoka Pemba kwa boti, akavuka Dar, akapanda treni mpaka nchi ya vumbi na zabibu, na sasa anaambiwa mambo ambayo nyumbani hakuna aliyeyasikia. Hata hivyo hatuoni sababu ya kumtoa masomoni. Kusoma itikadi za wengine kwa ajili ya kuzijua kunajuzu kwa mwenye kuijua yake, na Ibn Hazm tuliyemtaja asingeweza kuandika alichoandika bila ya kusoma vitabu vyao. Sharti ni hilo la kuijua yake kwanza. Likiwa halijatimia, mzigo si wa chuo, ni wetu sisi tuliompeleka akiwa amehifadhi juzuu na hajasomeshwa tafsiri ya aya hata moja kwa utulivu. Dodoma kuna misikiti na masheikh. Amtafute mmoja wa kumsomesha tafsiri mara moja kwa wiki muda wote wa muhula, na baba yake amuulize kwa simu wamefika wapi, kama alivyokuwa akimuuliza madrasa.

Na mjadala utakaporudi darasani, asiogope kunyoosha mkono. Aseme kuwa aya imetaja kauli ya baadhi yao, na awataje at-Tabari, al-Qurtubi na Ibn Hazm kwa majina yao. Akiulizwa jambo asilolijua, aseme sijui, nitauliza. Imam Malik aliulizwa masuali mengi, na mengi katika hayo alijibu kuwa hajui, na hapana aliyemcheka.

Wallahu a'lam.