Kompyuta yako inaweza kukuambia nani yuko hewani saa hii

Pengine kwenu ushago bado ipo: redio kubwa yenye mkanda wa ngozi, swichi iliyoandikwa MW, SW1 na SW2, na antena iliyopinda. Ukiiweka kwenye SW1 na kuanza kutafuta stesheni, utasikia mluzi, mvumo kama wa mvua juu ya mabati, Kiarabu kidogo, kwaya, kisha kimya. Wengi wa rika letu wakifika hapo huizima. Wanasema masafa mafupi yalikufa zamani.

Hayajafa. Ni kama umeingia Machakos Country Bus usiku bila kujua basi gani linaondoka saa ngapi. Mabasi yapo, lakini hujashika ratiba.

FM ulizozoea ni rahisi. Mnara uko kwenye kilima fulani, mawimbi yanaenda moja kwa moja, na stesheni yako iko pale pale mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Masafa mafupi hayako hivyo. Mawimbi yake, yaani yale ya kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi tabaka la juu la hewa linaloitwa ayonosfia, yakadunda na kurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Tabaka hilo hubadilika na jua. Mchana masafa ya juu ndiyo husafiri vizuri, usiku yale ya chini huchukua zamu. Kwa hivyo stesheni moja inaweza kukusemesha asubuhi kwenye kilohezi hizi na jioni kwenye nyingine kabisa, tena kwa nusu saa tu, kisha mtambo ule ule ukageuziwa Kihausa au Kisomali. Juu ya hayo, ratiba nzima ya dunia hupanguliwa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Huwezi kukariri haya yote kichwani. Wazee walinunua kitabu kiitwacho World Radio TV Handbook, kilichoanza kuchapishwa 1947, na kufikia katikati ya mwaka nusu ya ratiba ilikuwa imeshapitwa na wakati. Wewe una kompyuta.

Lakini kwanza tujibu swali ambalo najua unalo: ya nini haya yote, na bando ipo? Kumbuka bando ilivyokuwa jioni ya 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni. Mtandao ulivurugika nchini na watu wakabaki wakiangalia duara likizunguka kwenye simu. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, vituo vya hapa nchini viliagizwa visitangaze maandamano moja kwa moja, na baadhi ya runinga zikazimwa hewani hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Uganda walikata intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Tanzania nao wakafanya hivyo 29 Oktoba 2025, na kwa siku kadhaa ndugu wa Namanga upande huu hawakuwapata wa upande ule kwa WhatsApp.

Mnara wa FM uko nchini, na kampuni ya intaneti pia iko nchini. Mtambo wa masafa mafupi uko mbali, na wanaotaka kuuzima hawana ufunguo wake. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza 2022, BBC ilifungua masafa mawili mapya ya kuwatangazia watu wa huko kwa saa nne kila siku. Na Mei 2023, wiki chache baada ya vita kulipuka Khartoum, ikaanzisha matangazo ya dharura kwa Kiarabu kwa ajili ya Sudan. Shirika kubwa lenye tovuti na app za kila aina lilirudi kwenye teknolojia ya babu yako, kwa sababu siku hizo ndiyo iliyokuwa ikifika.

Sasa tuingie kazini. Kuna orodha mbili zinazotosha. Ya kwanza ni ya HFCC, shirika lenye makao yake Prague ambako watangazaji wa dunia hugawana masafa ili wasikanyagane. Ya pili inaitwa EiBi, nayo ni kazi ya mpenzi wa redio wa Ujerumani aliyejitolea kuikusanya na kuitoa bure, kwenye eibispace.de. Anza na EiBi kwa sababu inasomeka. Msimu wa Machi hadi Oktoba huitwa A, ule wa Oktoba hadi Machi huitwa B, kisha namba mbili za mwaka. Kwa hivyo faili ya msimu wa baridi ya 2025 inaitwa sked-b25.csv. Ni maandishi matupu, nyepesi. Ipakue, ihifadhi kwenye kipakatalishi, na hapo hata intaneti ikikatwa kesho, ratiba ya dunia nzima iko mikononi mwako. Usingoje siku mtandao umezimwa ndipo uanze kuitafuta.

Ifungue kwa Excel au LibreOffice. Programu ikiuliza safu zimetenganishwa na nini, chagua nukta mkato, la sivyo kila kitu kitarundikana kwenye safu moja. Utaona kilohezi, saa, siku, nchi ya stesheni, jina, lugha na eneo linalolengwa. Weka kichujio kwenye safu ya lugha na uchague SWA. Faili yenye maelfu ya mistari itanywea ghafla, na kilichobaki ni lugha yako. Utakuta Wachina, ambao Idhaa yao ya Kiswahili ilianza 1961, Wajapani wa NHK, na redio za dini za madhehebu mbalimbali, wakipangana kwa saa. Ukitaka zaidi ya Kiswahili, acha lugha na uchuje eneo: EAf ni Afrika Mashariki. Hapo utapata Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kiingereza.

Saa ndizo huwachanganya wengi. Orodha zote hutumia saa za dunia, UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Lakini Mswahili ana njia ya mkato ambayo Mzungu hana: toa 3 tu, na ikizidi 12 utoe 12. Orodha ikisema 1700, toa 3 upate 14, toa 12 upate 2. Ni saa mbili usiku. Ikisema 1100, ni saa nane mchana. 0330 inakuacha na nusu, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hesabu imeisha bila hata kushika simu.

Kuna safu moja ambayo watu huipita bila kuisoma, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote: ya maelezo. Nchi iliyoandikwa mwanzoni ni ya stesheni, si ya mtambo. Mtambo umefichwa kule mwisho kwa kifupi kama /MDG, yaani Madagaska. Radio Dabanga inayowatangazia Wasudan ina ofisi Amsterdam, lakini sauti yake imekuwa ikirushwa kutoka mitambo ya nchi nyingine, Madagaska ikiwemo. Kumbe mtu anaandika habari za Darfur akiwa Uholanzi, zinapitia kisiwa cha Bahari Hindi, ndipo zinafika kwenye redio ya mkimbizi. Haya huyaoni kwenye redio. Unayaona kwenye jedwali.

Wale mnaosomea uchanganuzi wa data na kila siku mnapewa ile faili ya abiria wa Titanic, jaribuni hii badala yake. Kwa mistari michache ya Python unaweza kuifanya kompyuta isome saa yake yenyewe, ichuje faili na kukuonyesha walio hewani dakika hii, kuanzia masafa ya chini hadi ya juu. Mtego uko kwenye matangazo yanayovuka usiku wa manane. 2200-0100 ina mwisho mdogo kuliko mwanzo, na sharti la kawaida la “mwanzo ni mdogo kuliko saa hii, mwisho ni mkubwa” litayatupa nje bila kukwambia. Angalia pia safu ya siku: ikiwa tupu ni kila siku, ikiwa na herufi kama Mo au Sa, hesabu siku kwa UTC, si kwa kalenda iliyo ukutani kwako.

Redio yenyewe je? Luthuli Avenue bado kuna zenye SW. Ukipata yenye namba za kidijitali ni bora zaidi, maana orodha inakwambia 9,720 nawe unabonyeza 9,720, mambo kwisha. Ile ya babu yenye mshale haina namba hizo, ila mara nyingi imeandikwa mita. Gawanya 300,000 kwa kilohezi: 11,735 inakupa mita 25 na kitu, kwa hivyo tafuta karibu na 25. Ongeza waya wa mita 5 hadi 10 kwenye antena na uutoe nje ya dirisha.

Adui wako mkubwa mjini si umbali. Ni keja yako. Chaja ya kipakatalishi, balbu za LED, ruta na TV ya jirani vyote hutoa mvumo unaomeza stesheni. Chomoa chaja, tumia betri, na ikiwezekana panda juu paa pale mnapoanika nguo. Stima ikipotea mtaa mzima, wengine wakilalamika, wewe washa redio haraka. Hutaamini jinsi hewa inavyokuwa safi.

Usiponunua redio bado unaweza kujaribu. Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi kina kipokezi unachokiendesha kwa kivinjari, na vipokezi vidogo viitwavyo KiwiSDR vimetapakaa duniani. Unachagua kilohezi, unasikia kinachosikika mahali kilipo kipokezi hicho. Inakula bando, na mtandao ukizimwa nayo imezimika, lakini kwa kujifunza inafaa sana. Hatua inayofuata ni RTL-SDR, kidude kama flashi kilichoundwa kwa ajili ya TV za kidijitali, ambacho watundu waligundua miaka ya 2010 kuwa kinaweza kupokea karibu kila kitu. Tafuta toleo linalofikia masafa mafupi, si yote yanafika. Hapo kompyuta yenyewe inakuwa redio, na unaziona stesheni kama mistari ya mwanga kwenye skrini kabla hujazisikia.

Usidanganyike kwamba masafa mafupi hayagusiki. Yanaweza kuzibwa kwa kurushiwa kelele juu yake. Machi 2010 waziri mkuu wa Ethiopia wakati huo, Meles Zenawi, alisema hadharani kwamba serikali yake ilikuwa ikijiandaa kuziba Sauti ya Amerika kwa Kiamhari. Kuziba kunagharimu umeme na mitambo, lakini kunafanyika.

Tena si lazima adui aje. Mwenye redio mwenyewe anaweza kuzima. Deutsche Welle, inayotangaza kwa Kiswahili tangu 1963, ilifunga kituo chake cha kurushia matangazo cha Kigali Machi 2015. Zanzibar, ambayo wapenzi wa redio wa Ulaya na Marekani waliitafuta kwa hamu kwenye kilohezi 11,735 wapate kusikia taarab, imekuwa ya kuonekana na kutoweka. Na katikati ya Machi 2025, Sauti ya Amerika, iliyoanza Kiswahili 1962, ilinyamazishwa kwa amri kutoka Washington. Waliopakua ratiba wiki moja kabla bado walikuwa na mistari yake yote, saa na kilohezi zikiwa sawa. Ukifungulia pale, mvumo tu.

Hii ndiyo sababu jedwali peke yake halitoshi, na kwa maoni yangu hapa ndipo kijana mwenye kompyuta ana kazi ya maana kuliko kusikiliza tu. Ongeza safu yako mwenyewe kando ya kila mstari: tarehe, ulisikia au hukusikia, na nguvu ya sauti kutoka 1 hadi 5. Usifute faili ya msimu uliopita. Ziweke A na B kando kwa kando, chuja SWA kwenye zote, uone nani ameongezwa, nani amehama masafa, nani hayupo. Hakuna ofisi inayotutangazia kwamba Kiswahili kimepunguziwa nusu saa. Ni lazima mtu ahesabu.

Ukisoma haya karibu na mwisho wa Machi au Oktoba, pakua ya sasa hivi, kisha urudi tena wiki mbili baada ya mabadiliko, kwa sababu siku za kwanza hata watangazaji wenyewe huwa hawajatulia. Kwa leo, chuja SWA, angalia nani yuko hewani kati ya 1500 na 1800, toa 3, kisha upande paa na redio.