Usingoje Tingatinga Ndipo Useme

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji likikua, nyumba za zamani hubomolewa ili ghorofa zijengwe. Je, jirani ana sauti?

Ndiyo. Chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, anayetaka kujenga lazima aombe kibali cha kaunti na kuufahamisha umma. Ukiwa na pingamizi, liwasilishe kwa maandishi kabla ya kibali kutolewa. Taja ploti na athari unayohofia, kama vile majitaka au kufungwa kwa njia.

Kibali kikitolewa, asiyeridhika ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango. Siku hizo hupita haraka. Ukiona tangazo mtaani, lisome na uulize mapema.