Adapta Iliyo Bubu

Usiku wa kuamkia Ijumaa hapa Msambweni, jirani yangu mvuvi alitaka kusikiliza kisomo pasi na kumwamsha mjukuu wake mgonjwa. Simu haina tundu la visikizi. Kanunua adapta, kaichomeka: kimya.

Msomaji, usiitupe upesi. Tangu iPhone 7 ilipoliacha tundu hilo mwaka 2016, simu nyingi zimefuata. Adapta za USB-C ni namna mbili: ya waya mtupu, ingojayo sauti kutoka simuni, na yenye chipu, iifanyayo sauti yenyewe. Pixel 2 hutaka ya chipu.

Zima simu, toa vumbi tunduni kwa kijiti kikavu. Kisha ijaribu adapta kwa simu nyingine. Ya jirani ililia kwangu: kumbe si mbovu, hazikupatana tu. Akabadilisha. Mtoto hakuamka.