Utangulizi: Shahidi Mdogo Ndani ya Friji

Huenda wewe ni fundi wa Busia mwenye mita mkononi, au mwanafunzi wa ufundi kule Tororo, au mtu wa nyumbani tu ambaye maziwa yake yamechacha mara ya tatu wiki hii. Nyote mna nafasi hapa. Tutazungumzia kifaa kisichozidi punje ya haragwe, chenye nyaya mbili, kilichofichwa kwenye ukuta wa friji ili kiiambie bodi, yaani saketi inayoiongoza friji, ndani kuna joto kiasi gani. Mafundi wengi hukiita sensa. Mimi nitakiita kihisi, kwa kuwa sensa tumekwisha kuwaachia wanaohesabu watu.

Nianze na kosa linaloniuma. Friji haipozi, fundi anaitwa, na kabla hajapima chochote anatamka: "Gesi imeisha." Gesi ya friji hailiwi wala haichakai. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Hapo ndipo pa kutafutwa kwanza. Lakini gesi inaongezwa hivyo hivyo, mwenye friji analipa kwa shilingi ya Kenya au ya Uganda, na baada ya siku mbili mboga zinanyauka tena. Kumbe kompresa ilikuwa nzima na gesi ilikuwa ya kutosha. Aliyesema uongo ni shahidi.

Neno shahidi nimelichagua makusudi. Kompresa haijui baridi wala joto, hutii bodi tu. Bodi nayo haijui, huamini inachoambiwa na kihisi. Ushahidi ukiwa wa uongo, kila kiungo cha friji kitafanya kazi yake sawasawa na chakula kitaharibika vilevile. Ndiyo maana nasema elimu hii ni elimu ya kupima kabla ya kuhukumu, na kubadilisha vipuri huja mwisho.

Asili ya kihisi ni ya zamani. Mwaka 1833 Michael Faraday wa Uingereza aligundua kwamba salfidi ya fedha ikipashwa moto hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, kinyume kabisa na tabia ya metali. Ilichukua karibu karne moja hadi Samuel Ruben wa Marekani alipotengeneza, mwaka 1930, kifaa cha kibiashara kinachotumia tabia hiyo. Kihisi cha friji yako ni cha ukoo huo: joto likipanda, ukinzani wake, yaani kadiri kinavyozuia umeme, hushuka, baridi ikizidi, ukinzani hupanda. Kilichotengenezwa kuwa na kilo-omu 10 kwenye nyuzijoto 25 hufika karibu kilo-omu 30 kwenye nyuzijoto 0. Vipo pia vya kilo-omu 5, na aina nyingine kadiri ya mtengenezaji, kwa hiyo jedwali la friji husika litafutwe kwanza.

Ushike mwelekeo huo vizuri, maana magonjwa mawili makuu yanatoka humo. Waya ukikatika nusu au kiungo kikiota kutu, ukinzani hupanda. Bodi hudhani ndani kuna baridi kali, huipumzisha kompresa, na samaki wa Ziwa Victoria uliyemnunua asubuhi huanza kunuka kabla ya jioni. La pili ni unyevu. Maji yakipenya ndani ya kihisi, umeme hupata njia ya mkato na ukinzani hushuka. Sasa bodi hudhani kuna joto, kompresa haipumziki usiku wala mchana, sukuma wiki inaganda, na bili ya stima inapanda.

Ugonjwa huu wa pili hudharauliwa kwa sababu friji "inapoza vizuri." Mimi ndio unaonitia hofu zaidi. Familia nyingi huweka insulini ya mgonjwa wa kisukari kwenye friji hiyohiyo ya maziwa. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikiganda hata mara moja haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni. Fundi anayeacha kihisi kibovu akisema baridi imezidi kidogo tu, ajue anaweza kuwa amegusa uhai wa mtu.

Kwa nini niandike haya nikiwa mpakani mwa Kenya na Uganda? Nyaya za umeme unaotoka bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, hupitia Tororo kuingia Kenya, na nchi hizi mbili zimeuziana umeme tangu miaka hiyo ya 1950. Volti ni 240 pande zote mbili, soketi ni ileile, na friji iliyonunuliwa Busia ya Uganda huwashwa Busia ya Kenya bila kubadilishiwa plagi. Kukatika kwa umeme nako tunakujua sote. Stima ikipotea, barafu huyeyuka na maji huteremka hadi kwenye kihisi. Ikirudi, maji hayo huganda na kutanua nyufa. Ganda, yeyuka, ganda tena: hivyo ndivyo unyevu unavyopenyezwa kidogo kidogo hadi ndani.

Kipimo chenyewe ni cha bei nafuu kuliko chote nikijuacho. Chomoa friji ukutani. Tenganisha kihisi na bodi, kwa sababu ukipima vikiwa vimeunganishwa mita itakusomea na bodi pia. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo, koroga. Kitie kihisi ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kizamishe, ungoje dakika tano. Hapo una nyuzijoto 0 ya kuaminika. Linganisha ukinzani na jedwali. Kisha kitoe, kishike kiganjani, utazame: namba zinapaswa kuteremka polepole bila kurukaruka. Tikisa waya. Zikiruka, ugonjwa uko kwenye waya au kiungo.

Usijaribu kutumia maji yanayochemka badala ya barafu. Tororo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzijoto 96. Barafu haina tatizo hilo, iwe Mombasa au mlimani.

Friji za zamani zenye kitufe cha kuzungusha hazina kihisi cha aina hii. Hutumia bomba jembamba lenye gesi, nazo nimezipa sura fupi. Sura ndefu nimeipa kihisi cha pili, kile kinachokaa kwenye koili ya friza kuongoza uyeyushaji wa barafu. Kikifa, friza hubaki baridi huku sehemu ya chini ikipata joto, na hapo ndipo uongo wa "gesi imeisha" hupata wafuasi wengi.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, nakuomba uwe na vitu vitatu mezani: mita, kikombe na barafu. Chupa ya gesi iache nyumbani kwanza.