Ritungu ya Tarime Mlangoni mwa Tuzo

Mwaka 2013 Tuzo za Muziki Tanzania, ambazo wakati ule kila mtu aliziita Kili kwa sababu ya bia iliyozidhamini, ziligawa furaha huku na huku. Wimbo bora wa mwaka ulikwenda kwa Kala Jeremiah, mtu wa hip hop kutoka Kanda ya Ziwa, kwa "Dear God". Kwenye dansi walishinda Mashujaa Band kwa "Risasi Kidole". Taarab ilimwangukia Mzee Yusuf kwa "Wasiwasi Wako". Na kile kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili ya Kitanzania kilichukuliwa na mghani Mrisho Mpoto, akiwa na Ditto, kwa "Chocheeni Kuni".

Hakuna wa kuwadharau katika orodha hiyo. Ila ukiitazama kutokea Tarime, mkoani Mara, unabaki na swali. Huku, kuanzia Sirari mpakani, Nyamongo penye mgodi wa dhahabu, hadi Mugumu makao makuu ya Serengeti, muziki unaojaza uwanja wa sherehe ni ritungu. Una wapigaji wake mashuhuri, mashabiki wanaobishana nani mkali zaidi, na soko linaloanzia harusini na kuishia kwenye mikutano ya kampeni. Tuzo za taifa zilipoanza mwaka 1999 ritungu ilikuwepo, na kwa miaka mingi kabla ya hapo. Kwa nini basi jukwaa la Dar es Salaam na uwanja wa Tarime vinaonekana kama havifahamiani?

Kwa msomaji asiyewahi kufika Mara, ritungu ni kinubi cha Wakurya chenye nyuzi nane. Kina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayochomoza juu, na mti wa kukatiza ambapo nyuzi hufungwa na kukazwa. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi nailoni ya wavuvi imechukua nafasi. Mpigaji huketi, akakiegemeza chombo mwilini na kukikwanyua kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti yake ni nzito, ya chini, inayojirudia bila kuchoka, na juu yake mpigaji huyo huyo huimba. Jina la chombo limekuwa jina la muziki wenyewe. Ndugu zake wako jirani: Waluo wana nyatiti, Wagusii wana obokano, Wabukusu wa magharibi mwa Kenya wana litungu yenye nyuzi saba.

Siku ya shughuli, spika hukodishwa, jenereta huwashwa, na kipaza sauti husogezwa karibu kabisa na bakuli la kinubi. Watu huanza na mabega. Bega la Mkurya lina lugha yake kwenye ngoma, na mgeni akijaribu kuiga huchekwa kwa upendo. Mpigaji hutaja watu. Humwita mwenye shughuli kwa jina la baba yake na ukoo wake, iwe Wairege, Wanyabasi, Wakira au Watimbaru, akataja ng'ombe wake, akataja alikotoka. Aliyetajwa hawezi kubaki kwenye kiti. Husimama, huja mbele akicheza, na kumtunza mpigaji kwa noti. Aliyetunza vizuri hutajwa tena. Aliyejikunja hupitwa, na uwanja mzima unaona.

Mtu angesema hiyo ndiyo tuzo ya Tarime, inayotolewa papo hapo, na mpiga kura hulipa kutoka mfukoni mwake mbele ya mashahidi. Lakini hapo hapo ndipo penye kikwazo cha kwanza kati ya muziki huu na tuzo za taifa. Tuzo inahitaji kazi iliyosimama: wimbo wenye jina, uliotoka mwaka fulani, wenye rekodi ya kuwasilishwa na kuchezwa redioni. Wimbo wa ritungu hubadilika kila shughuli. Mdundo ni ule ule, majina ni mengine, kisa ni kingine. Ukimwambia mpigaji alete wimbo wake bora wa mwaka, ana haki ya kuuliza: wa shughuli ipi?

Si kwamba ritungu haijarekodiwa. Imerekodiwa sana, kwanza kwenye kanda za kaseti, baadaye CD, na sasa kwenye kadi za simu. Kwenye vibanda vya kutia nyimbo, kijana mwenye kompyuta anakujazia flashi ya bodaboda kwa bei ya soda. Video zake zipo mtandaoni kwa wingi, na watazamaji ni Wakurya walioko Mwanza, Dar es Salaam na nje ya nchi. Kinachokosekana ni karatasi. Ili kushindania tuzo za sasa, msanii hutakiwa awe anatambulika na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na awasilishe kazi yake ndani ya muda uliotangazwa. Msanii wa Dar es Salaam ana meneja wa kumkumbusha. Mpigaji wa kijijini ana shamba la mahindi na shughuli tatu wikendi hii.

Zamani hali haikuwa hivi hasa. Tuzo zilipoanza, sekta ya muziki ilisimama juu ya kaseti, na kaseti ilifika kila mahali penye basi na mmachinga. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipotokea Saida Karoli kutoka Kagera, ng'ambo ya pili ya Ziwa, akiimba kwa Kihaya juu ya ngoma. "Maria Salome" ilichezwa Mtwara na Tanga na watu wasiojua neno moja la Kihaya. Anayesema lugha za makabila ndiyo kikwazo cha muziki wa asili, huyo mama alishamjibu zamani.

Baadaye upepo uligeuka. Bongo Fleva ilishika redio, na redio zenye nguvu ziko Dar es Salaam. Kura zikaanza kupigwa kwa ujumbe wa simu, watangazaji na ma-DJ wakapewa nafasi kubwa ya kupendekeza majina. Mfumo huo uliibua mambo matamu: mwaka 2011 20 Percent, kijana mwenye sauti ya huzuni, alizoa tuzo tano kwa usiku mmoja, na mwaka 2014 Diamond Platnumz akaondoka na saba. Lakini tazama kipengele cha asili katika miaka hiyo. Mwaka 2011 kilikwenda kwa Mpoki, mchekeshaji, kwa "Shangazi". Mwaka 2012 kilikwenda kwa AT wa Zanzibar kwa "Vifuu Tundu", wimbo wa mduara. Mwaka uliofuata ndipo akaja Mpoto. Mchekeshaji, mwimba mduara na mghani: wote watu wa studio za mjini, wote wana majina yanayojulikana na watangazaji. Waliupaka wimbo rangi ya asili, tena vizuri. Mpigaji anayeishi ndani ya asili yenyewe, ambaye hana wimbo mwingine wowote, hakuonekana.

Na hata angeonekana, angeshindana na nani? Taarab ina vipengele vyake, dansi ina vyake, hip hop ina vyake, na singeli, iliyozaliwa juzi tu kwenye vigodoro vya uswahilini, nayo imepata chake. Hilo la singeli ni jambo jema, na linathibitisha kwamba milango hufunguka watu wakipiga kelele. Lakini ngoma za makabila zaidi ya mia moja na ishirini zimerundikwa kwenye sanduku moja. Ritungu ya Tarime, zeze la Wagogo, marimba ya Wazaramo na ngoma za Wamakonde ni muziki tofauti kabisa, kwa vyombo, kwa mizani na kwa kazi yake katika jamii. Kuzishindanisha ni kuuliza ipi tamu zaidi kati ya ugali na pilau.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Tuzo za Grammy za Marekani, ambazo wasanii wetu wote huzitazama kwa jicho la pembeni, mwaka 2011 zilipunguza vipengele kutoka 109 hadi 78. Waliopunguzwa walikuwa nani? Muziki wa Wahawai, wa Wahindi Wekundu na wa watu wa Louisiana ulipoteza vipengele vyake na kusukumwa pamoja kwenye kimoja cha "muziki wa mizizi ya kimaeneo". Polka ilikwisha kuondolewa miaka miwili kabla. Na Afrika nzima, kwa upande wake, ilipata kipengele kipya mwaka 2024, cha wimbo bora wa Kiafrika, ambacho Tyla wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kukichukua kwa "Water". Bara zima, kipengele kimoja. Tukilalamika kwamba Los Angeles inatuona kama kijiji kimoja, tujue Mkurya ana lalamiko lile lile kwa Dar es Salaam.

Tuzo zetu zenyewe zimepita kwenye misukosuko. Baada ya sherehe za Juni 2015, ambamo Ali Kiba alitamba kwa "Mwana", zilisimama. Zilirudi Aprili 2022, safari hii zikishikwa na serikali kupitia wizara yenye dhamana ya utamaduni na BASATA, na kufuatiwa na nyingine Aprili 2023 na Oktoba 2024 katika ukumbi wa SuperDome, Masaki. Kushikwa kwake na serikali kunabadili hesabu. Kampuni ya bia ina haki ya kufuata mashabiki walipo wengi. Chombo cha umma kina wajibu mwingine, na wajibu huo una historia inayoanzia mkoa huu huu. Ni Mwalimu Nyerere wa Butiama aliyeunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na kwenye hotuba yake kwa Bunge mwaka huo alisikitika kwamba wasomi walijifunza kwa bidii dansi za Wazungu huku wakizionea haya ngoma za wazee wao.

Mifano ya kuigwa iko karibu. Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, Wasukuma wana Bulabo kila mwezi Juni, ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hupambana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Pale huwezi kununua kura, maana kura ni mwili wa mtu uliosogea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kuna pia Tamasha la Utamaduni la Kitaifa, lililoanza mwaka 2022 Dar es Salaam na kufanyika Songea mwaka 2024, ambalo hukusanya vikundi vya mikoa. Na kila Septemba 15 Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara kwa ajili ya kuhifadhi bonde la Mto Mara, ngoma zikiwa sehemu ya sherehe.

Siku ya Mara inatukumbusha jambo ambalo waandaaji wa tuzo husahau: soko la ritungu halina mpaka. Wakurya wako Tarime na Serengeti, na wako pia Kuria katika kaunti ya Migori. Mpigaji wa Sirari hualikwa Isebania, ng'ambo ya geti, kama mtu anavyokwenda mtaa wa pili. Anatunzwa kwa shilingi za nchi mbili siku moja. Tuzo ya taifa humhesabia nusu tu ya wasikilizaji wake.

Kinachowezekana si kigumu. Kwanza, tuzo zigawe kipengele cha asili kwa kanda: Ziwa, Kati, Pwani, Kusini, Nyanda za Juu, Kaskazini. Washindi wa kanda wapatikane kwa majaji wanaosafiri na kusikiliza muziki ukiwa kazini, kwenye shughuli, si kwa kiungo cha mtandaoni. Pili, kazi ihesabiwe kwa msanii badala ya wimbo mmoja, kwa kuwa mpigaji wa ritungu hupimwa kwa msimu mzima. Tatu, usajili ushuke wilayani. Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Mtu huyo akiwa na fomu, simu janja na siku mbili za soko, anaweza kuandikisha wapigaji wa wilaya nzima.

Wapo watakaosema mpigaji wa ritungu hahitaji sanamu ya dhahabu bandia, analipwa vizuri uwanjani. Ni kweli analipwa, wengine kuliko chipukizi wa Bongo Fleva mwenye picha mia mtandaoni. Lakini tuzo ni zaidi ya fedha za usiku mmoja. Jina likitangazwa kitaifa, redio hutafuta wimbo. Redio zikipiga wimbo, kuna mirabaha ya kudaiwa. Na kijana wa sekondari Nyamwaga anayeona aibu kubeba kinubi cha babu yake hupata sababu ya kujifunza kukikaza nyuzi.

Kwa hiyo, msomaji wa Tarime na Serengeti, dirisha la tuzo likitangazwa tena usiishie kumpigia kura msanii wa mjini unayempenda. Mchukue mpigaji aliyeimba harusi ya dada yako, nenda naye kwa afisa utamaduni wa wilaya, na muulizeni kwa heshima jina la huyu linaandikwa wapi.