Mteja hawezi kunusa simu: jinsi ya kuuza unyunyu mzito wa maua

Leo tuongelee pafyumu za kike za maua, zile nzito, za bei. Mimi nauza mtandaoni, na swali ninalokutana nalo kila siku inboksi ni hili: "Dada, inanukiaje?" Ukijibu tu "inanukia vizuri sana", mteja anaondoka kimya kimya. Laki kadhaa si hela ya kubahatisha.

Tuchukue mfano wa Good Girl ya Carolina Herrera, ile ya chupa yenye umbo la kiatu cha mchuchumio. Ilitoka mwaka 2016.

1. Elezea harufu kwa vitu anavyovijua
Ndani yake kuna yasmini aina ya sambac. Hii ndiyo yasmini yetu ya pwani, ile inayotiwa kwenye vikuba. Mteja wa Zanzibar, Tanga au Mombasa ukimwambia hivyo ameshaelewa. Kuna pia tuberose, ua jeupe lenye asili ya Mexico ambalo hunukia zaidi usiku. Harufu yake ni nzito, tamu, inajaza chumba. Halafu kuna lozi, kahawa, kakao na tonka, mbegu yenye harufu inayokaribia vanila.

2. Mwambie harufu inabadilika
Dakika za mwanzo atasikia zaidi lozi na kahawa. Baadaye maua yanatawala. Mwishoni unabaki utamu wa kakao na tonka. Usipomwambia hili, atapuliza mara moja, dakika mbili tu ameshakuandikia "siyo yenyewe hii".

3. Muulize anakwenda nayo wapi
Joto linafanya pafyumu iruke haraka na kusikika zaidi. Unyunyu huu kwenye harusi ya usiku ni mwenyewe. Kwenye daladala saa nane mchana, watu watafungua madirisha. Kwa ofisini mshauri apulize mara moja au mbili, basi. Na kama anapenda harufu nyepesi, mpeleke kwenye nyepesi. Chupa ikishafunguliwa na kurudishwa huwezi kuiuza tena kama mpya, hasara inabaki kwako.

4. Soma maandishi ya kwenye boksi
Eau de Parfum kwa kawaida ina mafuta ya harufu takriban asilimia 15 hadi 20. Eau de Toilette ina pungufu ya hapo. Ndiyo maana jina moja linaweza kuwa na bei mbili. Mteja akilalamika kwamba fulani anauza rahisi, anza kwa kumuuliza imeandikwa nini na ni mililita ngapi.

5. Uza kwa kupima
Wengi hawana hela ya chupa nzima, lakini hamu wanayo. Hapa ndipo penye biashara. Tuseme chupa ya mililita 80 umeinunua 250,000. Hesabu mililita 75, hizo 5 ni za kumwagika na kuonjesha. Unapata vichupa 15 vya mililita 5. Kichupa na kifungashio tuseme 1,500 kila kimoja, jumla 22,500. Ukiuza 25,000 kila kimoja unapata 375,000. Toa gharama, faida ni 102,500. Na mteja wa kichupa akiipenda, kesho anarudi kutafuta chupa kubwa. Andika wazi kwamba umepima mwenyewe kutoka chupa kubwa.

6. Feki iite feki
Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na ile ya chini ya chupa. Zikitofautiana, huo mzigo uache. Zikifanana bado usijiamini sana, maana nazo zinaigwa. Nunua kwa mtu anayekupa risiti. Kama unauza mafuta ya "harufu inayofanana", yauze kwa jina lake na kwa bei yake, usiyaite orijino. Kwa Tanzania, Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia. Na hata wasipokufikia wao, mteja mmoja akikuanika kwenye status yake, kundi zima la kikoba limeshajua.

Mwisho, chupa zako ziweke kabatini, mbali na jua na joto. Dirishani zinapendeza kwenye picha, ila harufu inaharibika.

Wewe mteja akikuuliza "inanukiaje?" huwa unamjibu nini? Tuandikie hapo chini tujifunze wote.